Lenzi ya Kuvuta ya Bei Nafuu Chini ya Jua la Dodoma

Lenzi ya kuvuta huleta karibu kitu kilicho mbali, na mpiga picha hubadilisha uvutaji wake kwa kuzungusha pete, bila yeye kusogea. Kwa kawaida huanzia milimita 55 au 70 na kuishia 200, 250 au 300. Dodoma na nyanda za kati kwa jumla, hii ndiyo lenzi ya pili ambayo karibu kila anayeanza kazi ya picha huifikiria baada ya ile fupi iliyokuja na kamera. Kazi zenyewe ndizo zinazoidai: mechi Uwanja wa Jamhuri, mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ngoma za Wagogo kule Chamwino, ndege wa bwawa la Hombolo, mikutano ya hadhara ambayo jiji la serikali haliishiwi nayo.

Linalofuata ni suala la fedha. Mwaka 2018 Canon walitoa lenzi ya EF 70-200mm f/2.8L IS III USM kwa dola 2,099 za Marekani. Miaka mitano kabla ya hapo, 2013, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM kwa dola 349. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, ya kwanza inapita milioni tano na ya pili haifiki laki tisa, kabla hujaweka usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Lenzi zilizotumika hushuka zaidi ya hapo. Tofauti hiyo ya zaidi ya milioni nne inanunua kitu cha kweli, wala si jina tu. Ila kitu hicho, kwa mtu anayefanya kazi zake nyingi nje katika nyanda za kati, jua limekwisha kumpa bure.

Kinacholipiwa ni tundu

Namba inayoandikwa kwa herufi f kwenye lenzi ni urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zake, uliogawanywa kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Ndiyo maana namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la milimita 71 hivi. Ya milimita 250 yenye f/5.6 inatosheka na 45. Tundu kubwa linadai vioo vikubwa, na kioo kikubwa ni kigumu kukichonga kwa usahihi: pembeni picha hufifia, rangi hutawanyika, na mtengenezaji analazimika kuongeza vioo vingine vya kusahihisha. Ile 70-200 ina vipande 23 vya kioo na uzito wa gramu 1,480. Ile 55-250 ina vipande 15 na gramu 375, yaani robo ya uzito.

Malipo ya gharama hiyo yote ni mwanga. Tundu la f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Mara nne si jambo dogo, na mtu asikudanganye kwamba ni mapambo. Lakini faida yake inategemea kabisa mahali unaposimama na saa unayopigia picha. Mpiga picha wa Uingereza anayefuatilia mpira mwezi Desemba, mawingu yametanda na giza linaingia saa kumi jioni, anaihitaji mara nne hiyo kila wiki. Wa Dodoma yuko katika hali nyingine.

Jiji la Dodoma liko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huanguka zaidi kati ya Desemba na Aprili, na hata miezi hiyo jua halikosekani sana. Kuanzia Mei hadi Novemba anga huwa jeupe siku nenda rudi. Wapiga picha wana kanuni ya zamani kwa jua la namna hii: weka tundu f/16, na kasi ya shata iwe sawa na namba ya ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Ukiwa na ISO 400, kasi ni sehemu moja ya 400 ya sekunde. Sasa fungua tundu hadi f/5.6, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwenye lenzi ya bei nafuu iliyovutwa hadi mwisho. Kasi inapanda hadi sehemu moja ya 3,200. Hakuna mshambuliaji, mwendesha bodaboda wala njiwa anayekwenda kwa kasi ya kuishinda hiyo. Mwenye f/2.8 katika jua hilohilo atajikuta analiziba tundu alilolinunua kwa mamilioni, kwa kuwa kamera nyingi hazivuki sehemu moja ya 4,000 au ya 8,000 ya sekunde, na pia kwa kuwa takriban kila lenzi huchora vizuri zaidi ikizibwa kidogo. Wote wawili wanaishia f/8, na kwenye f/8 tofauti ya picha zao ni ya kutafutwa kwa jicho kali.

Ziko sifa nyingine ambazo watu hudhani ni za lenzi ghali peke yake. Kituliza mtikisiko ni mfano mzuri. Lenzi ya kwanza ya kubadilishwa kwa kamera za kioo cha kuakisi (SLR) kuwa nacho ilikuwa EF 75-300mm f/4-5.6 IS USM ya Canon, mwaka 1995, na hiyo ilikuwa lenzi ya mtu wa kawaida. Zile kubwa za wanataaluma zilikipata baadaye. Leo kituliza mtikisiko kimo ndani ya lenzi za bei ya chini kabisa zinazostahili kununuliwa, pamoja na mota za fokasi zilizo tulivu kiasi cha kutosikika kwenye video.

Uwanjani na mahafali

Chukua mechi ya Dodoma Jiji inayoanza saa kumi jioni. Umeketi nyuma ya mstari wa goli, na mchezaji mwenye urefu wa mita 1.75 yuko mita 40 mbele yako. Lenzi ya milimita 250 itamchora ndani ya kamera akiwa na urefu wa milimita 11 hivi. Kama kamera yako ni ya kihisi kidogo cha APS-C, kama zilivyo nyingi zinazouzwa kwa wanaoanza, kihisi hicho kina kimo cha milimita 15, kwa hiyo mchezaji amejaza karibu robo tatu ya picha. Mwenzako aliye na 70-200 ya kifahari kwenye kamera ya kihisi kikubwa, chenye kimo cha milimita 24, atapata mchezaji wa milimita 8.75, zaidi kidogo ya theluthi ya picha. Akitaka kulingana na wewe itabidi aikate picha yake, na kama kamera zote mbili ni za pikseli milioni 24, mchezaji wako ana pikseli mara mbili kwa urefu kuliko wake. Uvutaji ndio unaohitajika kwanza uwanjani, na uvutaji ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika lenzi.

Kasoro yake ipo na haifai kufichwa. Lenzi nyingi nafuu huwa laini kidogo zinapovutwa hadi mwisho, na pembeni mwa kitu cheupe, kama jezi iliyo mbele ya kivuli, hujitokeza mstari mwembamba wa zambarau au kijani. Kuziba tundu hadi f/8 hupunguza ulaini, na programu nyingi za kuhariri picha huweza kuufuta mstari huo kwa kubofya mara moja. Halafu kuna mahali picha inakoenda. Skrini ya simu nyingi ina upana wa pikseli 1,080, na WhatsApp hubana picha kabla haijamfikia mtazamaji. Tofauti ndogo za ukali hazifiki mwisho wa safari hiyo.

Kwenye mahafali suala hubadilika. Mteja anataka sura yake ing'ae na watu walio nyuma yake wafifie, na wengi huamini kwamba ukungu ule wa nyuma hauji bila f/2.8. Ukungu wa nyuma hufuata upana halisi wa tundu kwa milimita, ukilinganisha picha mbili ambazo mtu ana ukubwa uleule na kilicho nyuma yake kiko mbali. Lenzi fupi inayokuja na kamera, ikiwa milimita 55 kwa f/5.6, ina tundu la milimita 10. Ile maarufu ya milimita 50 yenye f/1.8 ina 28. Lenzi nafuu ya kuvuta, ikiwa 250 kwa f/5.6, ina 45. Mpeleke mhitimu mbele ya uwazi, mbali na ukuta, rudi nyuma hatua nyingi, vuta hadi mwisho, na umati wote ulio nyuma yake utayeyuka. Jihadhari na jua la saa sita tu, linaloangusha kivuli cha kofia ya mahafali hadi kidevuni. Kivuli hicho hakiondolewi na lenzi ya bei yoyote. Msogeze mtu chini ya mti au subiri saa kumi.

Chamwino, kwenye ngoma za Wagogo, uzito ndio unaoamua. Akina mama wanaopiga muheme huibana ngoma katikati ya mapaja huku wakicheza, mistari inasogea, vumbi linapanda, na mpiga picha anazunguka uwanja mchana kutwa. Kwa dakika moja unataka mkono mmoja juu ya ngozi ya ngoma, na ijayo unataka safu nzima. Gramu 375 shingoni hadi jioni hazichoshi. Kilo moja na nusu, ukiongeza kamera yenyewe, hukufanya utafute kiti. Kuna jingine: Canon hupaka lenzi zao kubwa rangi nyeupe ili zisichemke juani, na weupe ule huonekana kutoka mbali. Lenzi nyeusi fupi haimfanyi mtu abadilishe uso wake kabla hujabonyeza, wala haiwaiti wezi.

Mahali inaposhindwa

Ndani ya ukumbi hesabu zinageuka. Kwenye chumba chenye taa nzuri za ofisi, ISO 3200 na f/5.6 hukupa kasi ya sehemu moja ya 160 ya sekunde hivi. Mtu anayehutubia akiwa amesimama atakaa vizuri, hasa ukiwa na kituliza mtikisiko. Kumbi zilizowekewa taa kwa ajili ya televisheni, kama ule wa Bunge, huwa afadhali zaidi. Lakini ingia ukumbi wa harusi ambao taa zimepunguzwa na za rangi ndizo zinazozunguka. Hapo f/5.6 hukupeleka sehemu moja ya 20 ya sekunde, na maharusi wanaoingia kwa kucheza watakuwa moshi. Kituliza hakisaidii kitu, kwa maana kinatuliza mkono wako na hakiwezi kumtuliza bwana harusi. Mwenye f/2.8 anapata sehemu moja ya 80, na anaweza kuokoa kazi.

Tiba yake haigharimu milioni tano. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, kama ile ya STM ambayo Canon walianza kuiuza mwaka 2015 kwa dola 125, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na zaidi ya mara mbili ya f/2.8 yenyewe. Haivuti, na kwenye kamera ya APS-C itakulazimu usogee. Harusini mpiga picha ana ruhusa ya kusogea. Lenzi mbili nafuu, moja ya kuvuta kwa ajili ya nje na moja ya tundu kubwa kwa ajili ya ndani, zitafanya kazi zaidi ya ile moja ghali, na bado zitabakisha fedha ya taa, betri ya pili na memori kadi. Ambaye kazi yake yote iko ndani ya kumbi, tena nyuma ya kamba asikoruhusiwa kusogea, ndiye f/2.8 ilitengenezwa kwa ajili yake. Ainunue bila kuona haya, maana lenzi hizo pia hushika bei vizuri zinapouzwa tena.

Porini jioni watu huogopa kuliko inavyostahili. Anayetoka Dodoma kupitia Mtera na Iringa kwenda Ruaha, au kupitia Kondoa na Babati kwenda Tarangire, atakutana na tembo wakinywa maji magharibi. Karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka: mara tu likishatua, mwanga hupungua kwa nusu kila baada ya dakika tatu hivi. Mwenye f/2.8 ana nusu mbili za kuchezea kabla hajafikia giza la mwenye f/5.6, yaani dakika sita au saba. Kila mtu aamue mwenyewe kama dakika hizo zina thamani ya ng'ombe kadhaa.

Ndege ni habari nyingine kabisa. Wale kasuku wadogo wenye ukosi wa manjano, ambao asili yao ni Tanzania pekee na wanaopenda kutaga ndani ya mashimo ya mibuyu, wana urefu wa sentimita 15 tu. Mita 10 kutoka kwako, milimita 250 zitakupa kasuku anayejaza robo ya kimo cha picha. Anatosha, ukikata kingo. Lakini heroe waliosimama katikati ya Ziwa Singidani, mita 100 na zaidi kutoka ufukweni, wanahitaji milimita 400 hadi 600. Hata huko njia ya nafuu ipo. Sigma na Tamron walitoa lenzi zao za 150-600mm kwa dola 1,100 hivi kati ya 2013 na 2015, wakati Canon EF 600mm f/4L IS III ya 2018 ilitoka kwa dola 12,999. Kwenye jua la Singida, ile ya dola elfu moja inaleta picha ya kuchapwa.

Joto na vumbi

Adui mkubwa wa ukali wa picha katika nyanda za kati hauzwi dukani na wala hana dawa dukani. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi tupu ya mbuga za Bahi hupata moto, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mawimbi, na kila mwale wa mwanga unaopita humo hupindapinda. Ndiyo mazigazi yale yanayofanya barabara ionekane kama imemwagiwa maji. Kadiri unavyovuta kitu cha mbali ndivyo unavyovuta na mawimbi hayo, na tembo aliye mita 300 atatoka kama amechorwa kwa mkono unaotetemeka hata kwa lenzi ya milioni thelathini. Wengi huilaumu lenzi yao nafuu kwa kosa la hewa. Njia ya kutambua ni rahisi: piga picha kitu kilicho mita 10, halafu cha mita 300, saa ileile. Cha karibu kikiwa kikali, lenzi haina hatia. Fika mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, au sogea.

Vumbi ndilo eneo ambalo lenzi ghali inastahili sifa zake. Lenzi ya 70-200 f/2.8 mara nyingi huvuta kwa vioo vya ndani, umbo lake halibadiliki, na mahali inapofungwa kwenye kamera pana ukanda wa mpira. Lenzi nafuu hurefuka kama pampu ya baiskeli kila unapoizungusha, na pampu huvuta hewa pamoja na kilichomo. Kati ya Julai na Oktoba, upepo wa Dodoma ukichanganya, hilo si jambo la kupuuza. Usibadilishe lenzi nje. Weka filta mbele ya kioo. Ifunike kwa mfuko laini wa plastiki uliotobolewa mdomo, ufungwe kwa mpira, na vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mkono badala ya mdomo, kwa sababu pumzi ina mate. Nunua na kinga ya jua, kwani nyingi za lenzi hizi huuzwa bila hiyo, na jua la pembeni huosha rangi zote za picha.

Kununua

Nafuu zote si sawa. Ipo EF 75-300mm f/4-5.6 III ya Canon, ya mwaka 1999, inayowekwa kwenye maboksi ya ofa pamoja na kamera. Haina kituliza mtikisiko, mota yake ni ya zamani, na ikifika milimita 300 inalegea. Milimita 50 zilizoongezeka hazilipi. Ichukue 55-250 yenye maandishi IS STM. Kwa Nikon, AF-P DX 70-300mm ya 2016 ni nyepesi, gramu 415, lakini ilitoka kwa namna mbili, na inayotakiwa ni ile yenye herufi VR. Hiyo AF-P haifanyi kazi ya fokasi kabisa kwenye kamera za zamani kama D80, D90 na D3000. Kinyume chake, Nikon ndogo za safu ya D3000 na D5000 hazina mota ndani yake, kwa hivyo lenzi za kale za AF-D zitakulazimu kufokasi kwa mkono. Lenzi za EF-S za Canon haziingii kwenye kamera zao za kioo za kihisi kikubwa. Mwenye kamera mpya isiyo na kioo ya Canon ana RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM ya 2021, gramu 635, iliyotoka kwa dola 649. Namba f/8 huwatisha watu, lakini saa tano asubuhi Hombolo haitishi.

Lenzi iliyotumika ni bora ishikwe kwa mkono kuliko kuagizwa kwa picha za simu, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar kuitazama na kurudi siku hiyohiyo si mzigo tena. Lenzi iliyokaa Pwani ina hatari moja ambayo ile iliyokaa Dodoma haina sana: unyevu huotesha kuvu katikati ya vioo. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma, tazama kutoka mbele ukiiinamisha polepole. Chembe chache za vumbi haziharibu picha. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hula kioo.

Baada ya hapo ifunge kwenye kamera yako mwenyewe. Ivute hadi mwisho, piga picha gazeti lililobandikwa ukutani kwa f/5.6 kisha kwa f/8, na ukuze picha kwenye skrini usome maandishi ya pande zote nne. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine safi, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Bonyeza kitufe cha picha nusu na utege sikio: kituliza kizima huunguruma kidogo na picha kwenye dirisha la kamera hutulia kama imeshikwa. Mwisho izungushe pete yake taratibu karibu na sikio, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza kama ina mchanga ndani, mrudishie mwenyewe, hata akishusha bei.